Kwa Nini Udongo Hupasuka Unapokauka, na Namna ya Kuishi Nao

Mvua fupi zikishapita na jua la Januari likaanza kuwaka, nyufa huonekana kila mahali katika kaunti yetu. Kwenye udongo mweusi ulio katika sehemu za kati ya Kiganjo na Naro Moru, ardhi hufunguka kiasi cha kumeza mkono wa mtu mzima. Ukuta uliopigwa lipu mwezi wa Desemba huwa na mistari myembamba kama utando wa buibui. Silanga iliyochimbwa ili kuvuna maji huonyesha sakafu iliyokatika vipande kama vigae. Mwenye nyumba humwita fundi, ufa unazibwa kwa saruji, na msimu ukigeuka unarudi palepale.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya kweli, ila kuziba ufa bila kujua kilichouleta ni sawa na kupanguza sakafu huku paa bado linavuja. Katika toleo hili tunajifunza jinsi udongo unavyopasuka, kisha tunaona maana yake kwa ukuta, msingi wa nyumba, silanga na shamba. Mwisho tutataja aina ya ufa ambao hauhusiani na kukauka, na ambao kila familia inayoishi kwenye mteremko inapaswa kuutambua mapema.

Tope ni chembe ndani ya maji

Chukua konzi ya udongo, uweke kwenye gilasi ya maji na ukoroge. Maji yanachafuka kwa sababu chembe za udongo zimetawanyika na kuelea ndani yake. Ukiyaacha yatulie, mchanga hushuka kwanza, kisha chembe za wastani, na mwisho kabisa udongo wa mfinyanzi, ambao unaweza kuchukua siku nzima au zaidi kabla ya kutua.

Tofauti yao ni ukubwa. Punje ya mchanga huweza kufika upana wa milimita 2. Chembe ya mfinyanzi haizidi elfu mbili za milimita, yaani 0.002, kwa hiyo huwezi kuiona kwa macho. Tena chembe nyingi za mfinyanzi ni bapa kama karatasi wala si mviringo kama punje za mchanga. Kwa sababu hiyo zinabeba maji mengi sana katikati yao. Mfinyanzi uliolowa ni kama rundo la karatasi zilizotenganishwa na maji.

Rangi ya ukutani, tope la kukandika nyumba, lipu ya saruji na hata uji mzito wote ni wa ukoo huu: chembe ndogo zilizochanganywa na maji. Ndiyo maana vitu hivi hupasuka kwa mtindo unaofanana vinapokauka.

Maji yanapoondoka huvuta

Wengi wetu hudhani kwamba udongo hupasuka kwa sababu maji yameisha. Ukweli ni kwamba nguvu inayoupasua hutokana na maji ambayo bado yamo ndani.

Tope likiwa bichi, chembe zimetengana. Jua na upepo vinapoondoa maji ya juu, chembe husogeleana na tope zima hupungua ukubwa. Hufika wakati chembe zinagusana na haziwezi kusogea kirahisi. Hapo maji yaliyobaki hurudi ndani ya nafasi ndogo zilizo kati ya chembe, na uso wa maji katika kila nafasi hujipinda kuelekea ndani, kama unavyojipinda ndani ya mrija mwembamba. Uso huo uliojipinda huvuta chembe za pande zote mbili zikaribiane.

Nafasi ikiwa nyembamba, mvuto huwa mkubwa. Kwenye nafasi yenye nusu kipenyo cha elfu moja ya milimita, maji huweza kuvuta kwa nguvu ya karibu kilo moja na nusu kwa kila sentimita ya mraba. Nafasi ikiwa nyembamba mara kumi zaidi, nguvu hiyo hufika karibu kilo 15. Hii ndiyo sababu mchanga mtupu haupasuki unapokauka: nafasi zake ni pana, mvuto wake ni mdogo. Mfinyanzi una nafasi nyembamba mno, na mvuto wake unatosha kukata ardhi vipande.

Kusinyaa peke yake hakuleti ufa

Kitu kinaweza kusinyaa bila kupasuka. Zabibu ikikauka hunywea yote kwa pamoja. Tofali bichi lililowekwa mahali panapoteleza linaweza kupungua kila upande na kubaki zima. Ufa hutokea pale kitu kinapotaka kusinyaa lakini kuna kinachokishikilia.

Tabaka la tope lililopakwa ukutani limeshikamana na ukuta, na ukuta hausinyai. Uso wa tope unataka kupungua, ukuta unakataa. Tope linabaki limevutwa kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma. Mvuto ukizidi uwezo wa tope kujishikilia, linakatika mahali palipo dhaifu: penye kiputo cha hewa, kijiwe, jani, au penye unene usio sawa.

Kishikilizi kinaweza pia kuwa ndani ya udongo wenyewe. Ardhi ya shamba hukauka juu kwanza, huku sentimita chache chini bado kukiwa na unyevu. Tabaka la juu linasinyaa, la chini bado. La chini linalishika la juu, na ufa unaanza juu kisha unashuka taratibu kadiri ukavu unavyoshuka.

Kwa hiyo, mbele ya ufa wowote, jiulize maswali mawili. Ni kitu gani kinasinyaa? Na ni kitu gani kinakishikilia kisisinyae kwa pamoja? Ukiyajibu hayo, dawa huwa haiko mbali.

Kwa nini vipande vina ukubwa na umbo hilo

Ukitazama tope lililokauka kando ya barabara utaona kwamba pale lilipokuwa jembamba vipande ni vidogo, na pale lilipokuwa nene vipande ni vikubwa. Ufa ukishafunguka hupunguza mvuto kwa pande zake mbili, lakini nafuu hiyo haifiki mbali. Hufika umbali unaoendana na unene wa tabaka. Tabaka nene huhitaji nyufa chache zilizo pana na za kina. Tabaka jembamba huwa na nyufa nyingi ndogo. Na tabaka likiwa jembamba kupita kiasi fulani, halipasuki kabisa, kwa sababu mvuto uliokusanyika ndani yake hautoshi kufungua ufa. Mafundi wa rangi na wa lipu hutumia kanuni hii kila siku wanapopaka mara mbili au tatu nyembamba badala ya mara moja kwa unene.

Umbo nalo lina sababu yake. Ufa wa kwanza huwa mrefu. Ukishapita, mvuto uliokuwa ukielekea kwake umekwisha, lakini ule unaokwenda sambamba nao bado upo. Ufa wa pili ukikaribia, hugeuka na kuugonga ule wa kwanza kwa pembe mraba, kama herufi T. Ndiyo maana tope lililokauka mara moja tu huwa na vipande vingi vya pembe nne.

Ardhi ikilowa na kukauka tena na tena, nyufa hurudi karibu na njia zilezile lakini zikijisogeza kidogo kila mara, hadi makutano yanafanana na herufi Y na vipande vinakaribia kuwa na pembe sita. Umbo la namna hiyo linaweza pia kutokana na kupoa. Nguzo za mawe zinazoonekana kwenye magenge ya Hell's Gate, Naivasha, ni lava iliyosinyaa ilipopoa, na nyufa zake zikashuka kutoka juu kwenda ndani. Ukikausha wanga wa mahindi uliochanganywa na maji kwenye kikombe, utapata nguzo ndogo zinazofanana na hizo, kwa sababu kanuni ni ileile: kusinyaa kwa kitu kilichoshikiliwa.

Kuna jambo lingine la kushangaza. Mtafiti wa Japani, Akio Nakahara, alionyesha pamoja na mwenzake mwaka 2005 kwamba rojo zito likitikiswa upande mmoja kwa muda mfupi kabla ya kukauka, nyufa zake baadaye hujipanga kufuatana na mtikiso ule, ingawa kwa macho rojo lilionekana tambarare bila alama yoyote. Tope hukumbuka jinsi lilivyoshughulikiwa.

Udongo wetu wa aina mbili

Kaunti ya Nyeri imekaa kati ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare, na udongo wake hubadilika unavyosafiri. Tetu, Othaya na Mathira kuna udongo mwekundu wa kina, ule wa kahawa na majani chai. Wataalamu huuita nitisoli. Una mfinyanzi mwingi, lakini sehemu kubwa ni ya aina ya kaolini, ambayo tabaka zake zimeshikana na haziruhusu maji kuingia katikati. Udongo huu husinyaa kidogo tu.

Ukivuka Kiganjo kuelekea Naro Moru unaingia upande wa Kieni, ambako milima huzuia sehemu ya mvua. Katika tambarare zisizopitisha maji vizuri utakuta udongo mweusi, ule unaojulikana kama udongo mweusi wa pamba. Ndio huohuo unaofanya mpunga wa Mwea, Kirinyaga, ustawi. Wataalamu huuita vatisoli, jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kugeuza. Mfinyanzi ni asilimia 30 au zaidi ya udongo huo, na mwingi wake ni wa aina ya smektaiti, ambayo maji huingia hadi katikati ya tabaka zake na kuzitenganisha. Ukilowa huvimba, ukikauka hunywea kwa kiasi kikubwa.

Jina la kugeuza linafaa. Kiangazi nyufa hufunguka, udongo wa juu unadondokea ndani. Mvua ikirudi, udongo huo uliodondoka unavimba ukiwa chini, na kwa kukosa nafasi husukuma kando na juu. Mwaka baada ya mwaka ardhi hujigeuza yenyewe. Ukiona nguzo za ua zimeinama huku na huku bila kugongwa na mtu, huenda udongo ndio uliozisukuma.

Jaribio la nyumbani au shuleni

Jaribio hili halihitaji fedha. Wanafunzi wanaweza kulifanya wakati wa likizo.

Chota udongo wa shamba lako, uponde, uchekeche, kisha uuchanganye na maji hadi uwe kama uji mzito. Tayarisha vibao au sahani tano.

1. Sahani ya kwanza: paka tope kwa unene wa milimita 2.
2. Sahani ya pili: paka tope lilelile kwa unene wa milimita 20.
3. Sahani ya tatu: paka unene wa milimita 20, lakini kwanza pakaza mafuta ya kupikia kwenye sahani ili tope lisishike.
4. Sahani ya nne: changanya kipimo kimoja cha udongo na viwili vya mchanga, kisha paka milimita 20.
5. Sahani ya tano: paka tope la kawaida milimita 20, uifunike kwa gunia bichi na kuiweka kivulini.

Ziache sahani nne za kwanza juani na uangalie kila asubuhi na jioni. Utaona kwamba ya kwanza ina nyufa ndogo au haina kabisa. Ya pili ina vipande vikubwa vilivyoachana. Ya tatu imesinyaa kutoka kwenye kingo na ina nyufa chache. Ya nne ina nyufa chache zaidi. Na ya tano imechelewa kukauka lakini imebaki nzima zaidi kuliko ya pili. Udongo ni mmoja. Kilichobadilika ni unene, kushikiliwa, mchanga na mwendo wa kukauka. Hizo ndizo njia nne ulizo nazo za kupunguza nyufa.

Somo kutoka meza za kahawa

Wakulima wa kahawa wanaujua mwendo wa kukauka bila kufundishwa na mtu. Kahawa iliyooshwa ikianikwa mezani, jua likiwa kali katikati ya mchana, hufunikwa. Ganda la nje likikauka upesi kuliko punje ya ndani, husinyaa likiwa limeshikiliwa na punje ambayo bado ni mbichi, nalo hupasuka. Kahawa iliyopasuka ganda hushuka ubora. Ukuta mpya na tofali bichi vinastahili uangalifu uleule.

Ukuta, lipu na matofali

Kwa nyumba ya udongo, kandiko la kwanza liwe na nyasi zilizokatwa fupi. Nyasi hizo hazizuii tope kusinyaa, lakini hushika pande mbili za ufa zisiachane, na badala ya ufa mmoja mpana unapata nyufa nyingi nyembamba zisizo na madhara. Acha kandiko hilo likauke na kupasuka kadiri linavyotaka. Kisha lowesha ukuta kidogo na upake kandiko la pili, jembamba, lenye mchanga mwingi zaidi. Nyufa za kwanza zitasaidia la pili kushika.

Kwa lipu ya saruji, makosa matatu ndiyo huleta nyufa nyingi. La kwanza ni saruji kupita kiasi. Wengi huamini saruji nyingi ni nguvu nyingi, lakini lipu yenye saruji nyingi mno husinyaa zaidi. La pili ni mchanga mchafu wenye udongo ndani yake. Weka mchanga kwenye chupa ya maji, utikise, uache utulie. Ukiona tabaka nene la matope juu ya mchanga, uoshe kwanza au utafute mwingine. La tatu ni kuacha lipu ikauke kwa upepo wa kiangazi. Anza kuilowesha kesho yake na uendelee kwa siku 7. Saruji haikauki kama nguo. Hukomaa kwa kunywa maji, na ikinyimwa maji hubaki dhaifu wakati uleule inapovutwa.

Kwa wanaofyatua matofali ya udongo na saruji kwa mashine, pima udongo kabla ya kununua saruji. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa ndani wa sentimita 60, upana wa sentimita 4 na kina cha sentimita 4. Kipake mafuta, ujaze udongo uliolowa vizuri, uache ukauke kabisa. Kisha sukuma vipande vyote upande mmoja na upime pengo lililobaki. Pengo la milimita chache ni dalili ya udongo mzuri. Pengo likizidi sentimita 6, udongo huo usitumike bila kuongezwa mchanga. Kati ya hapo, kadiri pengo lilivyo kubwa ndivyo saruji inavyohitajika zaidi. Fuata kipimo cha mashine unayotumia. Matofali yakitoka kwenye mashine yafunikwe na yaloweshwe, yasianikwe juani.

Msingi juu ya udongo mweusi

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Nyumba ikijengwa moja kwa moja juu ya udongo mweusi, ardhi iliyo katikati, chini ya sakafu, hubaki na unyevu unaolingana mwaka mzima. Ardhi iliyo kwenye pembe za nyumba hulowa wakati wa mvua na kukauka wakati wa jua. Pembe hupanda na kushuka huku katikati pametulia. Ukuta hauwezi kukunjika, kwa hiyo hukatika, mara nyingi kwa ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha au mlango. Ufa wa namna hiyo unaozibwa kwa saruji utarudi, kwa sababu kinachosogea ni ardhi chini yake.

Kabla ya kujenga, chimba shimo la majaribio. Ikiwa tabaka jeusi si la kina, liondolewe lote na nafasi yake ijazwe kwa murram au mawe yaliyoshindiliwa, au msingi ushuke hadi kwenye ardhi ngumu iliyo chini. Wajenzi wa barabara hufanya vivyo hivyo kwa udongo huu. Ikiwa tabaka ni la kina kirefu, usikisie. Tafuta ushauri wa mhandisi. Gharama ya ushauri ni ndogo kuliko ya kubomoa. Kumbuka pia kwamba ramani za ujenzi zinapaswa kuidhinishwa na kaunti kabla ya kazi kuanza, na hapo ndipo mahali pa kuuliza kuhusu udongo wa kiwanja chako.

Ikiwa nyumba tayari imesimama, lengo ni kufanya unyevu wa ardhi inayoizunguka usibadilike sana. Weka mifereji ya paa na upeleke maji mbali kwenye tangi. Jenga sakafu ya kuzunguka nyumba, upana wa mita moja au zaidi, yenye mteremko wa kutoa maji nje. Rekebisha bomba linalovuja mara moja. Usipande mikaratusi karibu na nyumba, kwa kuwa mizizi yake hunyonya maji na kukausha upande mmoja wa msingi.

Silanga na mabwawa madogo

Mfinyanzi huzuia maji vizuri ukiwa umelowa. Ukikauka hupasuka, na maji ya mvua ya kwanza hupotelea kwenye nyufa. Maji ya silanga yanaposhuka wakati wa kiangazi, kuta za juu ndizo hukauka kwanza. Baada ya kushindilia tabaka la mfinyanzi, lifunike kwa sentimita kadhaa za udongo wenye mchanga au changarawe ili lisipigwe na jua moja kwa moja. Usiruhusu mifugo kushukia popote. Watengee njia moja iliyowekwa mawe. Kabla mvua haijaanza, kagua kuta, lowesha sehemu zilizopasuka, jaza kwa udongo uleule wenye unyevu na ushindilie kwa tabaka nyembamba. Anayetumia karatasi ya nailoni aondoe mawe na mizizi chini yake.

Kwenye tuta la bwawa, tazama uelekeo wa ufa. Nyufa ndogo za juu juu ni za kawaida. Ufa unaokata tuta kutoka upande wa maji hadi upande wa nje ni hatari, kwa sababu maji yakipanda hupata njia, na njia hiyo hupanuka haraka. Ukiuona, usijaze bwawa hadi tuta likaguliwe. Kila silanga izungushiwe ua, kwa usalama wa watoto.

Shambani

Nyufa za udongo mweusi hukata mizizi midogo na kuruhusu upepo mkavu kufika chini. Funika ardhi kwa mabua na majani makavu, au palilia juu juu ili udongo uliovunjwa uzibe midomo ya nyufa. Ukimwagilia shamba lililokwisha kufunguka, maji ya kwanza hushuka moja kwa moja kwenye nyufa na mizizi ya juu hubaki na kiu. Ni afadhali kumwagilia mapema, nyufa zikiwa bado nyembamba. Angalia pia ndama na mbuzi, maana mguu ulioingia kwenye ufa mpana huvunjika kirahisi.

Ufa usiotokana na kukauka

Si kila ufa ni wa kiangazi. Mwezi Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka karibu na Suswa na kukata barabara ya Mai Mahiu kuelekea Narok. Picha zilisambaa duniani zikiwa na maneno kwamba Afrika inagawanyika. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba maji ya mvua yalikuwa yamesomba udongo laini wa majivu ya volkano na kuacha pengo. Ufa uleule unaweza kusomwa kwa namna nyingi, na kuusoma vibaya kuna gharama.

Kwa miteremko ya Othaya, Mukurweini, Tetu na Mathira, gharama hiyo inaweza kuwa uhai. Tofautisha hivi:

- Nyufa za kukauka ni nyingi, zimeungana kama wavu, hutokea wakati wa jua na hufunga mvua ikinyesha. Ardhi ya pande zote mbili iko sawa.
- Ufa wa maporomoko huwa mmoja au michache, hukata mteremko kwa upana, mara nyingi umejipinda kama mwezi mchanga. Hutokea au kupanuka wakati wa mvua. Upande wa chini umeshuka kidogo kuliko wa juu.

Dalili nyingine za maporomoko ni miti na nguzo zilizoanza kuinama zikielekea bondeni, milango iliyoanza kukwama ghafla, na chemchemi mpya au maji ya tope yanayotoka mahali ambapo hayakuwapo. Ukiziona wakati wa mvua, usisubiri kesho. Toa familia kwanza, waarifu majirani walio chini ya mteremko, kisha mjulishe chifu au naibu wake. Kwa dharura piga 999 au 112. Usirudi kuchukua vyombo.

La kukumbuka

Ufa wa kukauka ni taarifa. Unakuambia kuna kitu kinachosinyaa na kuna kinachokishikilia. Punguza kusinyaa kwa kuongeza mchanga na kuondoa mfinyanzi wa ziada. Punguza mvuto kwa kupaka tabaka nyembamba. Punguza mwendo wa kukauka kwa kufunika na kulowesha. Na pale ardhi yenyewe inaposogea, shughulikia maji yanayoizunguka kabla ya kugusa ukuta.

Kwa maswali kuhusu udongo wa shamba lako, tembelea afisa wa kilimo katika wadi yako. Wakazi wa Kiganjo na kwingineko wanaotaka kujenga waulize kwanza katika ofisi ya kaunti inayoshughulikia mipango ya ujenzi, wakiwa wamechimba shimo la majaribio na wamebeba konzi ya udongo uliotoka chini yake.